Nyumba ya chokaa inapougua: dalili, vyanzo na tiba kwa anayetunza jumba la makumbusho

Majumba ya karne ya 19 tunayoyaonesha kwa wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja, yamesimama kwa vitu vitatu: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Saruji haikuwemo. Ililetwa baadaye na watu wenye nia njema, na sehemu kubwa ya magonjwa nitakayoyaeleza imetokana na mfuko huo wa saruji, au na maji, au na vyote viwili vilipokutana.

Nawaandikia wanaofungua madirisha asubuhi, wanaofagia, wanaokata tiketi na wanaozungusha wageni. Mhandisi huja kwa msimu, ninyi mpo kila siku. Anayefagia chumba ndiye wa kwanza kujua kwamba unga uliokuwa kijiko kimoja chini ya dirisha wiki iliyopita sasa unajaa kiganja. Wenzetu wa Lamu, Mombasa, Pangani na Bagamoyo watayatambua mengi humu, maana ujenzi wa kale wa pwani unafanana.

Ninavyofanya kazi mimi ni hivi: dalili hujitokeza pale maji yalipofikia, nami natafuta pale yalipoingilia. Kwa hiyo usianze na ukuta unaolalamika. Anza paani, teremka na maji chumba kwa chumba mpaka uchochoroni, ndipo urudi kwenye ukuta wako.

Dalili zisizosubiri uchunguzi

Vumbi la chokaa linadondoka darini kila mtu anapopita juu. Ukuta umetoa tumbo. Kichwa cha boriti kinachomoka kwenye tundu lake. Veranda imeinama upande mmoja. Kuna ufa mpya unaoingia kidole. Mlango uliofungika vizuri jana leo umekwama, na mvua haijanyesha.

Ukiona mojawapo, toa wageni kwanza. Funga chumba hicho, funga kilicho juu yake na kilicho chini yake, kisha ita Mamlaka ya Mji Mkongwe na mhandisi. Kamba yenye karatasi ya onyo haitoshi, kwa sababu mgeni huiinua apite kupiga picha. Tia kufuli.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash bin Said mwaka 1883, la kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme na kuwekwa lifti, lilipoteza sehemu ya veranda yake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya upande wake wa mbele iliporomoka na watu wawili wakafariki. Jumba lile tumekua tukiliona kila tunaposhuka Forodhani. Tangu siku ile, nikiwa na shaka na sakafu, siangalii hasara ya tiketi.

Paani: tundu za misumari, gata na kunguru

Mapaa mengi ya mwanzo yalikuwa bapa, ya chokaa na kokoto iliyopondwapondwa juu ya boriti. Mvua za Unguja zikayashinda, na baadaye mengi yakafunikwa mabati. Ndiyo maana nyumba yako huenda ina mapaa mawili, moja juu ya jingine, na katikati mna giza, popo, majani makavu na ndoo aliyoisahau fundi. Ingia humo kabla ya masika na uingie tena kabla ya vuli. Nenda mchana jua likiwa kali, kisha zima tochi. Kila nukta ya mwanga utakayoiona ni tundu la msumari au bati lililoliwa na kutu. Yatie alama ya chaki hapo hapo, kwa sababu ukishuka hutayakumbuka.

Paa likiwa zima na ukuta bado unalowa, tazama gata. Katika nyumba niliyoitumikia kwa miaka, ukuta wa chini ulitoka doa la rangi ya chai, pana kama sinia. Tulilibandua tukapiga saruji. Masika yaliyofuata likarudi, pana zaidi, tukapiga saruji tena. Mara ya tatu ndipo kijana mmoja alipopanda ngazi hadi kwenye mdomo wa bomba la kushushia maji, akatoa kiota cha kunguru: nyaya za umeme zilizokatwakatwa, vibanio vya nguo, mfuko wa plastiki, vyote vimesokotwa pamoja. Maji yalikuwa yakifurika nyuma ya bomba na kuingia ukutani ghorofa mbili juu ya doa. Ukuta wa matumbawe una uso wa mawe huku na huku, na moyoni mna vipande vya mawe na udongo. Maji yakishaingia moyoni hushuka yanavyotaka, yakatokea pale yanapokuta kizuizi. Tulitibu doa miaka miwili na ugonjwa uko paani.

Gata zisafishwe kwa mkono, si kwa mpira wa maji, kwani mpira husukuma uchafu ndani ya bomba. Kama nyumba ina milizamu ya zamani inayomwaga maji nje mbali na ukuta, usiikate kwa kuona imepitwa na wakati. Mlizamu mfupi humwaga maji ukutani.

Na mche wa mtini mwitu ukiota kwenye ukingo wa paa, usiung'oe kwa nguvu ukishakuwa mnene kama kidole, maana mizizi itatoka na mawe yake. Ukate usawa wa ukuta, kisiki ukiue kwa dawa, kikishakauka ndipo uzibe kwa chokaa.

Ukuta unamwaga unga, lipu inavimba

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza jua unga wenyewe ni nini. Uguse kwa kidole: chumvi inakwaruza na kumeta kama sukari ya kusaga, ukungu unapaka na kunuka. Kama bado huna uhakika, udondoshee tone la maji. Chumvi itayeyuka itoweke, ukungu utabaki.

Ikiwa ni chumvi, swali ni maji gani yanaileta. Soma umbo na urefu wa unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini huacha mstari unaokwenda sambamba na sakafu, na unga umejaa kwenye ukingo wa juu wa mstari huo. Mstari huwepo mvua ikinyesha isinyeshe. Maji ya kuvuja huacha doa lenye umbo la ramani, la kahawia, linalokolea saa chache baada ya mvua. Maji ya kurukia kutoka uchochoroni hulowesha upande wa nje tu, chini ya goti. Na ukuta ukilowa katikati ya kaskazi, jua linawaka na kisima cha jirani kimekauka, fuata bomba au choo, pengine choo cha nyumba ya pili, maana kuta zetu nyingi zimeegemeana.

Kuna maji ya aina ya tano ambayo hayatoki ukutani kabisa. Bandika kipande cha nailoni, ukubwa wa karatasi ya kuandikia, pande zote nne kwa utepe, ukiache siku mbili. Usifanye hivyo juu ya nakshi ya chokaa wala rangi ya zamani. Matone yakiwa kati ya nailoni na ukuta, unyevu uko ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa iliyokutana na ubaridi. Mara nyingi mkosaji ni kiyoyozi: kinapoza ukuta mchana kutwa, asubuhi madirisha yanafunguliwa, hewa ya bahari inakuta ukuta baridi na kugeuka maji. Chumba cha namna hiyo hakihitaji fundi wa lipu. Punguza kiyoyozi, au kiondoe urudishe upepo wa madirisha yaliyopangwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo.

Sasa saruji. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu unaoingia unatoka kwa kukauka usoni. Ukipiga saruji, au rangi ya mafuta, unaziba mahali pa kutokea. Maji hayaishi kwa kuzibwa, yanapanda juu zaidi kutafuta njia. Mahali palipokuwa na unyevu wa kufika gotini, ukapigwa mkanda wa saruji wa mita moja, miaka michache baadaye utakuta unga unamwagika juu ya mkanda, usawa wa kiuno. Nyuma ya saruji chumvi inajenga fuwele zake, zinakua na kusukuma chembe za jiwe. Gonga kwa kifundo cha kidole: pakilia tupu kama dafu lililonywewa, lipu imeshaachana na ukuta. Ikianguka, huondoka na uso wa jiwe.

Tiba ina hatua, na mpangilio wake ndio unaoiponya. Ondoa chanzo cha maji kwanza. Kisha bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, usitumie mashine ya kutoboa, hutetemesha mawe. Acha ukuta uchi upite kaskazi nzima. Wageni watauliza, nanyi mtawaeleza. Mimi huwaambia ukuta unakauka, na wengi hulisikiliza hilo kuliko orodha ya masultani. Kila wiki piga brashi kavu na uzoe unga wote sakafuni. Usioshe kwa maji, utairudisha chumvi ndani.

Baada ya hapo piga lipu ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga kwa ujazo, kwa matabaka membamba, kila tabaka lisizidi sana unene wa sentimita moja. Chokaa iwe imelowekwa shimoni wiki kadhaa, ikikaa zaidi ndiyo inavyozidi kulainika na kunata. Mchanga uwe wa kuchimbwa bara, si wa pwani. Chukua chembe uweke kwenye ncha ya ulimi, ukionja chumvi urudishe gari zima. Chokaa haikauki kwa kupoteza maji tu, inashika kwa kuvuta hewa ya ukaa na kugeuka tena kuwa jiwe, na kazi hiyo ni ya wiki na miezi. Ining'inizie magunia yaliyoloweshwa siku za mwanzo jua lisiinyonye. Fundi akikuambia atamaliza Ijumaa ili mfungue Jumamosi, tafuta mwingine.

Lipu hii ya kwanza huenda ikaoza tena baada ya misimu michache. Usisikitike. Hiyo ni lipu ya kafara, imebeba chumvi ili jiwe lisalimike. Ibandue upige nyingine. Mwisho ni chokaa ya kupaka, nyembamba kama maziwa, si rangi ya plastiki ya kopo.

Na angalia nje: uchochoro ukitengenezwa upya mara kwa mara bila kuchimbwa, usawa wake hupanda hadi kuipita sakafu ya ndani, na kila mvua inakuja kwenye mguu wa ukuta. Baraza zile za mbele ya nyumba, pamoja na kuwa za mazungumzo na kahawa, zinakinga mguu wa ukuta. Usikubali ivunjwe hata moja kwa ajili ya kupanua njia.

Sakafu ya juu inabonyea

Upana wa vyumba vyetu uliamuliwa na boriti, ambazo kwa kawaida hazivuki mita tatu. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Sakafu ikibonyea, watu husema mzigo umezidi. Huenda ni kweli, lakini mara nyingi boriti imeoza kichwani, pale ilipoingia ukutani na kukutana na unyevu uleule tuliousema. Katikati ni nzima kabisa.

Kwa hiyo pima kichwani. Chukua bisibisi, ichomeke kwenye boriti karibu na ukuta, halafu ichomeke katikati. Mti mzima unaikatalia bisibisi, uliooza unaipokea hadi inchi moja bila kubisha. Gonga vilevile: nzima inalia, mbovu ni bubu. Andika kila boriti namba yake kwa chaki uwe na hesabu. Tatu mbovu zilizofuatana ni chumba cha kufungwa leo, moja moja zilizotawanyika ni kazi ya kupanga.

Mzigo nao upo, ila haumo mahali watu wanapoutafuta. Kila kizazi cha mafundi kimeongeza tabaka juu ya sakafu ili kuisawazisha. Tabaka la saruji la sentimita 5 lina uzito wa kilo 100 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 8 kimebebeshwa zaidi ya tani 2 kabla mgeni wa kwanza hajapanda ngazi. Kuliondoa tabaka hilo kwa uangalifu kunaipumzisha sakafu kuliko kupunguza wageni.

Na wageni nao, watazame wanaposimama. Kundi la watu 20 likitembea limesambaa. Mwongozaji akisimama katikati ya chumba kusimulia, wote 20 wanamzunguka pale pale, juu ya boriti nne au tano, kwa dakika kumi, mara sita kwa siku. Hamisha kituo cha kusimulia kiende kwenye ngazi, au ukumbi wa chini, au karibu na ukuta. Ni badiliko lisilogharimu senti.

Boriti mbovu isaidiwe kwanza kwa mirunda iliyosimama juu ya ubao mpana, ili uzito usitoboe sakafu ya chini. Kisha weka boriti mpya ubavuni mwa ya zamani, kichwa chake kikiwa na nafasi ya hewa ukutani, kisizungushiwe saruji. Mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo omba mapema. Zege zito juu ya ukuta wa matumbawe usilikubali hata ukiletewa bure.

Nyufa

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyolelewa. Katika nyumba ya chokaa ningeongeza: ukiuziba kabla hujaujua, umejinyima habari. Piga mistari miwili ya penseli pande mbili za ufa, pima kati yake, andika tarehe ukutani. Rudi kila mwezi kwa mwaka mzima. Ufa unaopanuka kaskazi na kujifunga masika unapumua na nyumba, unaweza kuujaza chokaa laini. Ufa unaoongezeka tu, hasa ule mpana juu na mwembamba chini, unasema ukuta unaachana na mwenzake au msingi unazama. Huo ni wa mhandisi. Ufa ulionyooka juu ya mlango, tazama kizingiti cha mbao kilichojificha ndani ya lipu, pengine mchwa wamekimaliza.

Milango na mbao

Mlango wa nakshi ukikaza masika, usipige randa. Mbao imevimba kwa unyevu, itarudi kaskazi, na ulichokiranda hakirudi. Ukikaza mwaka mzima, kagua kama miimo imesogea au egemeo la chini limelika.

Mchwa wanaotoka ardhini huacha vijia vya udongo ukutani. Vunja kijia kimoja, rudi kesho, kikiwa kimetengenezwa tena wapo. Wadudu wengine hawaachi udongo, bali vichungu vya unga wa mbao chini ya fanicha. Fagia, tandika karatasi nyeupe, tazama baada ya wiki kama unga umerudi. Mbao iliyobunguliwa zamani inaweza kuwa imetulia, na dawa utaimwaga bure.

Vanishi ya kung'aa usiipake mlango wa nje. Jua linaipasua, maji yanaingia chini yake, na kuibandua kwenye maua yaliyochongwa ni mateso. Mafuta ya kitani kidogo, kwa kitambaa, yanatosha. Sehemu ya nakshi iliyo usawa wa mkono itakuwa nyeusi na laini kuliko iliyobaki kwa sababu kila mgeni anaishika. Mpe kitu kingine cha kushika: kipande cha nakshi mpya juu ya meza pembeni, na watu watauacha mlango.

Chuma ndani ya jiwe

Karne ya 19 ilipokuwa ikiisha, nguzo na mihimili ya chuma iliingia katika majumba makubwa. Chuma kikipata kutu huvimba mara kadhaa ya ukubwa wake na kupasua kilichokizunguka. Ukiona ufa unaofuata mstari wa mhimili, wenye damu ya kahawia ikitiririka, kuziba kwa saruji ni kuficha tu. Kichimbue, kisuguliwe, kipakwe rangi ya kuzuia kutu, na maji yanayokifikia yakatwe.

Vitu vya ndani

Kanzu na kanga zilizopauka upande mmoja zinakuonesha dirisha lilipo. Funga kibao cha dirisha, ukumbuke kwamba vitambaa vinatakiwa mwanga usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), yaani giza ambalo macho ya mgeni huhitaji dakika kulizoea. Mwambie asubiri, ataona.

Ukungu ndani ya kabati la vioo humaanisha hewa imekwama. Ukungu hushamiri unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70, na visiwani mara nyingi tunapita hapo bila hata mvua. Usilifunge kabati kwa silikoni. Toboa matundu madogo chini na juu, yawekee wavu wa wadudu, lisogeze mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja. Picha za zamani zilizoshikana na kioo cha fremu yake usizibandue mwenyewe. Ziweke zilivyo mahali pakavu, zikisubiri mtaalamu wa karatasi. Ukungu mkavu juu ya mbao utolewe kwa brashi laini nje ya nyumba, pua na mdomo vimefunikwa, upepo ukiwa mgongoni mwako.